Kiraka cha Ukurasa wa Kumi na Moja

Kivuli hakikuwa cha mtu aliyechorwa. Fundi miwani aligundua hilo siku ya tatu tangu auingize ule ukurasa nyumbani, akiwa ameuinamia na kioo chake cha kukuzia, kile anachokagulia mikwaruzo kwenye lenzi za wateja. Aliyechorwa alikuwa Bwana Ngebe, mlinzi mwenye tumbo kubwa na kofia ndogo, amesimama mlangoni anacheka. Lakini kivuli chake pale sakafuni kilikuwa chembamba, hakina tumbo wala kofia, tena kilikuwa kimekaa.

"Mchoraji alichoka siku hiyo," Fundi alijisemea, akatabasamu. Binadamu huanza kujidanganya kwa mambo madogo, makubwa yakija yanamkuta ameshazoea.

Sasa, usije ukadhani Fundi alikuwa mkusanyaji wa majarida ya katuni. Ole wako umwambie hivyo. Majarida yalichapwa kwa maelfu, watu wakafungia karanga. Yeye alitafuta ukurasa wenyewe, ule mmoja uliolazwa mezani kwa mchoraji: karatasi nene, wino halisi, mistari ya penseli isiyofutika vizuri, rangi nyeupe iliyopakwa juu ya makosa, na akibahatika, duara la kikombe cha chai. Alikuwa nazo kurasa thelathini na nane, kila moja ndani ya plastiki yake, kabatini kwenye karakana iliyoshikana na nyumba. Mke wake alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye anaishi ukewenza na makaratasi, na kwamba mke mwenzake hapiki wala hafui.

Ugonjwa huo ulianzia kwa kaka yake. Kaka alimzidi miaka minne na alijua kusoma, Fundi bado hajui. Kila Ijumaa jarida likitoka walilala kifudifudi sakafuni, kaka akisoma kwa sauti zote, ya Bwana Ngebe, ya mwizi, ya mbwa, naye akifuatisha maneno kwa kidole kana kwamba anaelewa. Ndiyo maana kaka alimwita Kidole. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo. Kisha ikaja wiki ambayo Bwana Ngebe alisikia mtu anacheka ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kufuli, na hadithi ikakatika hapo. Jumatatu kaka akashikwa na homa. Alhamisi wakamzika. Ijumaa jarida likatoka, na Fundi hakulifungua, siku hiyo wala siku yoyote kwa miaka thelathini na sita.

Ukurasa huu ulikuwa wa kumi na moja katika jarida lile asilolifungua.

Aliupata kwa mjane wa mchoraji, mwanamke mzee mwenye mikono myepesi, aliyeushika upande mmoja hata baada ya Fundi kuushika upande wa pili.

"Mwanangu," alimwambia, "uweke ukutani, uweke kabatini, ni wako. Lakini hicho kiraka alichobandika mume wangu, usikibandue."

"Naelewa, mama. Kiraka ni sehemu ya kazi."

"Sijasema habari ya kazi," mjane akasema, ndipo akaachia.

Mchoraji akikosea kipande kimoja hachori ukurasa mzima upya. Anachora kile kipande kwenye karatasi nyingine, anakikata, anakibandika juu ya kosa. Jaridani huwezi kukiona, lakini kwenye ukurasa wenyewe unakihisi kwa ncha ya kidole. Na kila mkusanyaji, hata aliye mtakatifu, ana mwasho mmoja usiopona: chini ya kiraka kuna nini?

Kiraka chenyewe kilimzunguka Bwana Ngebe kuanzia kofia hadi viatu. Kivuli kilikuwa nje yake. Maana yake Fundi aliielewa upesi: kivuli kilikuwa cha mtu aliyechorwa kwanza.

Sikio la kufa halisikii dawa. Alichemsha maji, akaushikilia ukurasa juu ya mvuke, akapenyeza wembe mwembamba taratibu kama anayemenya ganda la yai. Kiraka kikatoka kizima, hakikuchanika hata uzi. Alijisifu, maskini.

Chini yake palikuwa na mvulana ameketi kwenye kiti, jarida mapajani. Sikio moja limechomoza kuliko lenzake. Jino la mbele limevunjika pembeni, lile alilovunja kwenye ngazi za shule. Alikuwa kaka yake, na mchoraji hakuwahi kumwona kaka yake, wala kaka hakuwahi kupigwa picha hata moja maishani mwake.

Mtu mwenye akili angetupa ukurasa ule na kukimbia. Fundi aliubusu.

Kesho yake saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali mtaani na muuza mkaa akinadi nje, karakana ilijaa harufu ya jarida jipya, ule wino unaoshika vidoleni, na chini yake harufu ya shuka la mgonjwa. Kiti cha wateja, kile wanachokalia kupimwa macho, kikatoa mlio. Fundi aligeuka. Hapakuwa na mtu, ila mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati.

"Kidole," sauti ikasema, "tuliishia wapi?"

Alilala kifudifudi sakafuni, mtu wa miaka arobaini na tatu mwenye kitambi na mvi, akajibu kwa sauti aliyosahau kwamba aliwahi kuwa nayo: "Kwenye kufuli, kaka." Na kaka akaanza kusoma, kwa sauti zote, ya Bwana Ngebe, ya mbwa, na sauti moja mpya ya yule anayecheka ndani ya nyumba. Hiyo Fundi hakuipenda, lakini aliivumilia, kwa sababu furaha aliyokuwa nayo kifuani ilikuwa haimwachii nafasi ya kuuliza.

Tangu siku hiyo alifunga karakana saa tisa na nusu. Wateja walioacha miwani waliambiwa waje asubuhi.

Binti yake alikuwa na miaka tisa. Walimwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, anaongea akila, anaongea akifunga viatu, anaongea na mswaki mdomoni. Jioni moja mezani alikuwa anamsimulia mama yake juu ya rafiki yake asiyejua baiskeli.

"Nikamwambia ni rahisi, mimi nilijifundisha mwenyewe."

Fundi akacheka. "Mwongo mkubwa. Nani alikuwa anakimbia nyuma ameshika tandiko mpaka viatu vikaachama?"

Chiriku alimtazama, akafikiri kwa bidii, kama mtoto anayeulizwa swali la darasa lililomzidi. "Hakuna mtu," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

Wakaona ni mzaha. Siku iliyofuata ikawa ule wimbo wa kupiga mswaki, waliotunga pamoja baba na mwana. Fundi aliuanzisha, Chiriku akamwuliza ameusikia wapi. Kisha ikawa mkono uliovunjika.

"Hospitali nililala na mama," alisema.

"Mimi nilikuwa safarini, mwanangu," mama yake akasema polepole. "Uliyelala naye ni baba. Siku nne, alikuwa analala kwenye benchi."

Chiriku akanyamaza, na mtoto yule kunyamaza lilikuwa jambo la kuogopwa.

Asubuhi mke wake alimfuata karakana, akafunga mlango nyuma yake, akasema kwa kunong'ona ingawa hapakuwa na wa kuwasikia. "Baba Chiriku, nimemwuliza mambo mengi. Shule anakumbuka. Bibi yake anamkumbuka, mpaka paka aliyekufa anamkumbuka. Anakusahau wewe. Wewe peke yako."

"Ni utoto. Watoto husahau."

"Na hii harufu ya mgonjwa humu ndani, nayo ni utoto?"

Fundi aliokota lenzi akaanza kuifuta. Alijua. Tusimtetee, alijua tangu wimbo wa mswaki, maana alikuwa ameanza kupiga hesabu kimoyomoyo: kila alasiri aliyokaa na kaka, jioni yake kitu kimoja kilimtoka mtoto. Naye aliendelea siku nne nyingine. Kila siku alijiambia ni ya mwisho, na kila siku ikifika saa tisa na nusu mkono wake ulikuwa kwenye kitasa, anafunga.

Kilichomwamsha ni siku Chiriku alipotoka shule, akampita mlangoni, akasema, "Shikamoo baba," kwa adabu nzuri ambayo watoto humpa baba wa mtu mwingine.

Alikwenda kwa mjane mbio mbio. Mjane hakumwuliza kilichomleta, alimtazama tu mikono.

"Umemwona nani?"

"Kaka yangu, mama."

"Mume wangu alimwona mama yake. Nakuambia, si kaka yako na hakuwa mama yake. Ni jini. Alimjia mume wangu mezani alasiri moja, akamwomba amchore, na mume wangu akamchora, ndipo akapata mlango. Kila anayemtazama pale anamwona yule anayemlilia." Alikunja mikono mapajani. "Wala hatoi bure. Anakupa utoto wako, anachukua wa mtoto wako, ile sehemu uliyomo wewe. Sisi tuna mwana mmoja. Yuko mbali, ana watoto, ni mtu mwema. Baba yake alipokufa alituma rambirambi kama jirani."

Fundi alisogea karibu. "Nifanyeje?"

"Kirudishe kiraka, kwa mkono uleule uliokitoa. Asubuhi gundi haitashika, tulijaribu. Inashika yeye akiwa anaongea. Inabidi umkatize katikati ya neno, na usingoje neno la pili. Mtoto anakuita nani sasa?"

"Ananiita baba. Bado."

"Basi imebaki alasiri moja, na hiyo ni ya kubandika. Usimsikilize."

Siku iliyofuata Fundi alitayarisha kila kitu kama mtu anayetayarisha upasuaji. Ukurasa mezani. Kiraka pembeni, kimegeuzwa. Gundi imekorogwa, brashi imelowa. Saa kumi harufu ikaingia, ya wino mpya na shuka la mgonjwa, kiti kikatoa mlio, mto ukabonyea, na Fundi akapaka gundi nyuma ya kiraka, kwa mkono wa fundi, akakiinua.

"Kidole," sauti ikasema kwa upole, "leo tunamaliza."

Mkono ukasimama.

"Umebaki ukurasa mmoja tu. Mimi sikuwahi kuujua mwisho, na wewe hukuusoma kwa ajili yangu. Nilikuona. Ijumaa ile nilikuona umelikumbatia jarida, hukulifungua. Hutaki tujue pamoja aliyekuwa anacheka ni nani?"

Na hapo, ndugu yangu, ndipo mtu anapopimwa. Alikuwa na kiraka mkononi, gundi inaanza kukauka pembeni, akamwona kichwani mwake mtoto wake na mkoba wa shule mgongoni, akamwona na kaka yake siku ya Jumatano, midomo imebabuka kwa homa, anauliza kama kesho ni Ijumaa, na akajisemea kwamba sentensi moja haina madhara, moja tu, kisha anabandika, mradi kaka apumzike akiwa anajua, na sauti ikaanza kusoma, Bwana Ngebe anavunja kufuli, Bwana Ngebe anaingia ndani, chumba ni kidogo, kuna meza, kuna kabati lenye kurasa thelathini na nane, kuna mwanamume ameinama na brashi ya gundi, na Fundi alisikia nywele za shingoni zinasimama moja moja lakini sikio lake likaendelea kusikiliza, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya kaka yake neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, hata kile kikohozi kidogo kabla ya kufungua ukurasa, mpaka sauti iliposoma, "Mlango unafunguliwa. Anaingia mtoto wa kike. Anamtazama yule mwanamume, na ham..."

Alikibamiza kiraka kwa viganja vyote viwili.

Kimya kikashuka mara moja. Harufu ikakatika. Mto wa kiti ukainuka polepole, ukabaki mto tu. Gundi ilishika, kingo zote zililala, na Bwana Ngebe alisimama mlangoni na kofia yake ndogo, anacheka. Fundi aliegemea meza akalia kwa sauti, akimlilia kaka yake aliyemzika mara ya pili, na ndani ya kilio kulikuwa na shukrani, kwamba amewahi, kwamba alimkatiza katikati ya neno kama alivyoagizwa.

Mlango ukafunguliwa. Chiriku aliingia na mkoba mgongoni, amechangamka, jasho puani, mdomo umeshafunguka kuanza habari za shule. Akamwona mwanamume analia. Akafunga mdomo, akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo," alisema. "Samahani. Mama yupo?"

Mama yake alikuwa ameshafika nyuma yake, amesikia kilio kutoka uani, mikono bado ina povu la sabuni. "Mwanangu," alisema, "msalimie vizuri baba yako."

Chiriku alimshika mama yake nguo, akajificha nusu ya uso, akamtazama Fundi kwa jicho moja, muda mrefu, kwa bidii, akijitahidi kwelikweli. Kisha akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akamnong'oneza mama yake sikioni, lakini karakana ilikuwa kimya na Fundi alisikia kila neno.

"Mama, huyu ni nani, na kwa nini analia kwetu?"

Mama akamtazama mumewe, akaiona gundi mikononi mwake, akamfuta mtoto jasho puani kwa mkono wenye povu.