Tulimuua Shosho Kila Wiki, Pete Haikutoka

Nashon alinitazama nikiuawa... na hakusonga!

Dawa alikuwa nayo. Tena alikuwa amesimama hapo karibu kabisa, anaona vile natupwa huku na huku.

"Nashon, niponye!"

Akamponya mwingine.

"Nashon! Si unaniona nakufa!"

Wapi, wasee wangu. Nikaanguka kwa nyasi, nikafa, na yeye akaendelea na shughuli zake kama mtu amekanyaga panzi.

Sasa kabla mtu apigie polisi simu, tulieni. Hiyo ilikuwa ndani ya gemu. Kwa kompyuta. Lakini msicheke bado, kwa sababu chenye kilikufa hiyo siku hakikuwa gemu.

Admin wa huu ukurasa, jina langu hata usilifiche. Wenye wataniaibisha washamaliza. Naitwa Kavutha. Nasuka nywele Kilimani hapa Nairobi, nalala Waithaka, na kila Jumatatu yangu ya off, miaka miwili sasa, nimeimalizia River Road kwa cyber ya Mbuthia, zile kompyuta za kulipia kwa saa, juu ya duka la mabomba.

Kufanya nini? Kuua shosho.

Wacha nieleze pole pole, hata kama hujawahi shika gemu utaelewa.

Kuna gemu ya mtandao, watu wa dunia nzima wako ndani. Ukiingia mara ya kwanza unawekwa mahali panaitwa Bonde la Wageni, ndio ujifunze. Huko kunaishi kobe mmoja mkubwa kama kibanda cha mama mboga, na sura ya nyanya amekosewa heshima. Sisi tukambandika jina Shosho, yaani nyanya.

Shosho humuwezi peke yako. Lazima muwe group ya watu wanne: mmoja wa ngao, wawili wa kupiga, mmoja wa kuponya wengine. Mkimuua anaangusha ngozi, meno, takataka tu. Mnakaa chini, mnangoja. Anafufuka. Mnamuua tena. Anafufuka! Hivyo hivyo mpaka macho yanawasha.

Na mara moja moja, Nashon alituambia, Shosho huangusha pete.

Pete ya dhahabu, yenye wazungu hununua kwa pesa ya ukweli. Pesa ya kumtosha Nashon kuja kwetu Mwala na wazee wao kutoka western, na mbuzi, na heshima yake yote.

"Siku pete itatoka, babe, kesho yake niko kwenu."

Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yangu. Nashon kazi yake ni kuchapisha kadi za harusi hapo River Road, na alinichapishia yetu kabla hata hajajulikana kwetu. Nashon na Kavutha, maandishi ya dhahabu, karatasi nzito. Tarehe aliacha wazi.

"Tutaijaza Shosho akikubali," aliniambia.

Mimi mjinga nikaituma nyumbani.

Baba yangu alipooza upande mmoja. Hiyo kadi aliiweka ndani ya Biblia yake, na mtu akienda kumjulia hali lazima aonyeshwe. Boma likafyekwa. Kuna jogoo amekataza asiguswe, ati ni wa wageni wa Kavutha. Anachotaka baba hapa duniani ni kukaa kwa kiti chake, avae koti, apokee wakwe akiwa bado anaweza kuongea.

Kila Jumapili jioni akinipigia, swali lilikuwa moja.

"Kavutha, yule nyanya mmemuua?"

"Tumemuua, baba."

"Na pete?"

"Hakuna, baba. Amefufuka tena."

"Basi mmuue tena!"

Tunacheka. Aki tulikuwa tunacheka sana mimi na baba.

Sasa shikeni sheria moja ya hiyo gemu, maana hapo ndipo nilichinjiwa.

Ukifika level ishirini, yaani ngazi ya ishirini, Shosho hakupi kitu tena. Wewe umekua, unafunguliwa geti la daraja uende mbele. Kwa hivyo sisi tulikaa kumi na tisa makusudi. Tukikaribia kupanda tunaenda mtoni, tunasimama mbele ya fisi watuume tufe, kwa sababu ukifa unarudishwa nyuma kidogo. Watu wazima na akili zetu, tunajipeleka kufa ndio tusikue!

Kuna pia kazi ndogo ndogo wanakijiji wa gemu hukupea. Ukizimaliza ukawarudishia, unapanda level. Zangu zilikuwa zimejaa na sikuwahi rudisha hata moja.

Na ukishavuka ishirini, huwezi rudi nyuma. Hata ufe aje.

Ng'ambo ya daraja sikuwahi kuona. Nashon alisema huko hakuna maana.

Basi hiyo Jumatatu nafika kwa Mbuthia, napata dem amekalia kiti yangu. Kucha ndefu za pinki, kazi safi, mimi ni mtu wa saluni najua kazi safi.

"Sasa," nikamsalimia.

"Poa." Hata hakugeuka.

"Nash, huyu ni nani?"

"Anaitwa Ivyne. Mgeni, anajifunza. Kaa hapo kando ya Quincy."

Quincy ndiye wetu wa ngao. Wa nne huwa ni Mbuthia mwenyewe, anacheza kutoka kwa kaunta huku akitolea watu photocopy. Nikakaa. Nikaingia. Shosho huyu hapa, tukaanza.

Katikati ya vita jina langu likatoka kwa group.

Dawa ya Nashon haiponyi mtu hayuko kwa group. Vile nilikufa nilishawaambia. Nililala kwa nyasi nikiangalia jina la Ivyne likiandikwa mahali pangu.

"Umenitoa?!"

"Angalia level yako," Nashon akasema, macho kwa skrini.

Nani huangalia kitu hakijawahi badilika? Nikaangalia.

Ishirini na tatu.

Wueh! Nikafungua zile kazi zangu za wanakijiji... hakuna hata moja. Zote zimerudishwa.

"Nani ameingia kwa akaunti yangu? Password tunaijua wawili!"

"Labda ulibonyeza vibaya."

"Nashon, mimi na wewe tunajuana!"

"Babe, sio mimi, ni sheria ya gemu. Umekua. Shosho hawezi kukupea kitu tena, na group ni ya watu wanne. Ungefanya nini kama ni wewe?"

"Na pete yetu?"

Ivyne ndio akageuka sasa.

"Pete yenu na nani?"

"Ya gemu, ya gemu," Nashon akamjibu haraka, na akamnong'onezea kitu kwa sikio. Dem akacheka kidogo, akarudi kwa kazi.

Mbuthia akakohoa kule kaunta.

"Kavutha, mimi sitaki maneno kwa biashara yangu. Lakini jana ukiwa kanisa, huyu Nashon alikuwa kwa mashine yako. Nilimwona."

Wasee, nilimwita Nashon majina siwezi andika hapa, admin atanifungia. Cyber nzima ilitoa headphone. Quincy akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Na Nashon unajua alisema nini?

"Punguza sauti, watu wanaangalia."

Miaka miwili, na hilo ndilo nilipewa.

Ningeenda nyumbani. Lakini nilikuwa nimelipia saa yangu, na sikuwa namwachia mtu. Nikahamia mashine ya pembeni, nikaingia, nikafufuka, nikasema kama nimekua basi wacha niende mahali watu wakubwa huenda. Nikatembea mpaka darajani. Geti likafunguka lenyewe.

Ng'ambo kulikuwa na mji! Soko, taa, meli, watu wengi hata sijui walitoka wapi, wamevaa nguo sijawahi kuona. Nilisimama hapo na viatu vyangu vya mgeni, machozi yanatiririka, nikifikiria zile Jumatatu zote nimekaa kwa nyasi nikingoja kobe afufuke.

Nikauliza kwa soko, kwa Kiingereza changu cha saluni, pete ya yule kobe huuzwa wapi.

Walinicheka!

"Hiyo pete ilitolewa kwa gemu kitambo sana," mmoja akaniandikia. "Haiangukagi tena. Nani amekudanganya?"

Nikasoma. Nikasoma tena.

Kulikuwa na mtu ameketi kwa ukingo wa daraja, mwanamke na joho la kijani. Akaniandikia kwa Kiswahili.

"Wewe ni wa Nashon?"

Nilishtuka!

"Wewe ni nani?"

"Peres. Mimi ni wa kabla yako. Alikupandisha lini?"

"Jana. Nikiwa kanisa."

"Mimi nilikuwa nimeenda matanga. Nashon hasemangi tuachane, hana huo moyo. Anakupandisha level, halafu anakuambia ni sheria ya gemu."

Akaendelea.

"Na kadi alikupea? Karatasi nzito?"

"Maandishi ya dhahabu," nikaandika.

"Tarehe wazi," akaandika.

Hapo nililia kwa sauti, wasee, kwa cyber, mbele ya watu wanajaza fomu zao za kodi za KRA.

"Anajua pete haiko?"

"Mimi ndiye nilimwonyesha tangazo la kuitoa, siku lilitoka. Alisoma lote. Akaniambia nisiambie mtu, wiki hiyo hiyo nikapandishwa. Yeye anauza ngozi na meno, dada yangu, kidogo kidogo, na nyinyi mnampigia bure. Pete ni ya kuwafanya mkae. Na bora pete haitoki, hana haja ya kuona wazazi wa mtu."

Hasira ikanishika, sasa kwa Peres.

"Ulijua na ukaniacha miaka miwili?! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?!"

"Wiki yako ya kwanza. Nilikuandikia meseji ndefu, nikakuambia kila kitu. Ulinijibu neno moja."

Nikakumbuka. Mungu wangu, nikakumbuka. Nilikuwa nimeisoma kando ya Nashon, tukicheka, amenishika bega.

"Wivu," nikaandika.

"Ndio. Wivu."

Basi nikafanya nini? Chenye Peres alifanya. Nikamwandikia Ivyne hapo hapo. Nikamwambia pete haiko, nikamwambia ya kadi, nikamwambia muulize tarehe, nikamwambia mimi sitaki vita na wewe, mama, mimi nataka utoke.

Nilikuwa namwona mgongo, viti vitatu mbele yangu. Nikamwona akifungua meseji. Nikamwona akiisoma. Akamgusa Nashon mkono, amwonyeshe. Nashon akatikisa kichwa, ile ya huruma, kama mtu anaona mgonjwa.

Kucha zikalia kwa keyboard. Jibu likaingia.

"Wivu."

Nikatoa begi yangu, nikashuka ngazi, nikatembea River Road yote sijui nikigonga nani.

Jumapili baba akapiga. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli, hata kama utaniua.

"Kavutha, yule nyanya mmemuua?"

"Baba, nisikize. Pete haiko. Wenye gemu waliitoa zamani, na Nashon alijua. Ameniacha, baba. Hakuna wageni watakuja."

Nikasikia redio ya mama kwa nyuma.

"Baba, umenisikia?"

"Nimekusikia."

Ulimi wake ni mzito siku hizi, maneno huchukua muda. Nikangoja.

"Lakini huyo nyanya... si bado anafufuka?"

"Anafufuka, baba."

"Basi mmuue tena."

Hakucheka. Nikamsikia akimwambia mama, na simu bado iko wazi, "Anasema ni bado kidogo." Kadi iko kwa Biblia mpaka leo, na jogoo hajaguswa.

Mtaniuliza somo ni gani, najua mnapenda somo. Mtu akikuahidi maisha na akayafunga kwa kitu fulani, nenda ukaone hicho kitu kama kiko. Usimuulize yeye. Uliza wenye walishavuka, na wakikuambia, usiwajibu vile mimi nilijibu. Hiyo tu. Na najua kuna mtu atasoma hapa, aseme huyu ana uchungu wa kuachwa, aendelee na mtu wake.

Mimi Jumatatu bado naingia gemu, kwa cyber nyingine. Sipigi kitu. Naenda naketi na Peres pale darajani, kwa ukingo. Kutoka hapo unaona bonde lote, na ukikaa kidogo unaona vumbi ikipanda kule chini, Shosho ameanguka. Halafu anasimama.

Ivyne sasa yuko level kumi na tisa. Tumemwekea nafasi katikati yetu.