Walikimbia Magazeti Yangu, Nami Nikalipiza

Nina miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Ilala. Haya ninayoyaandika sijawahi kumwambia hata mwanangu Zaituni. Wasomaji wenzangu, mkinihukumu sitalalamika... ila nisomeni mpaka mwisho.

Kwa miaka kumi na tisa niliuza magazeti Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, barazani kwa Mzee Salehe, Mwarabu mmoja mpole mwenye duka la vitambaa. Kila asubuhi watu walijazana mbele ya meza yangu. Wachache walinunua, wengi walisoma vichwa vya habari bure huku wakibishana mpira na siasa. Sikuwafukuza. Nilijiona mtu muhimu! Habari za nchi hii zilipita mikononi mwangu kwanza.

Meza ya jirani ilikuwa ya Mama Joy, mwanamke wa Moshi, muuza soksi na leso. Alikuwa zaidi ya rafiki. Binti yake Joy nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, mama yake akihudumia wateja. Mpaka amekuwa msichana wa miaka kumi na tisa, aliniita mama mkubwa.

Kisha ikaja corona.

Walianza kupungua wale wasomaji wa bure. Nikasema afadhali, sasa napumua! Halafu wakapungua wanunuzi. Saluni zilizochukua gazeti kila siku zikaacha, eti karatasi inapita mikono mingi. Hata mama muuza karanga akakataa magazeti ya zamani ya kufungia. Mzee Salehe, ambaye tangu namfahamu alisoma magazeti mawili kila asubuhi, akaniambia akiwa ndani ya duka, "Mama Zai, nisomee hapo hapo ulipo. Usinipe." Nikawa namsomea kwa sauti kama mtoto wa shule. Nilicheka, lakini niliumia... Na vijana wakipita wananionyesha simu: "Mama, hizo zako tumezisoma tangu jana!"

Mume wangu, Baba Zai, alikuwa na pumu tangu utotoni. Siku zile kifua kilikuwa kinambana mara kwa mara. Nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Joy. Akanishika bega, akanipa pole, akaniambia nimchemshie tangawizi.

Siku mbili baadaye nilikaa toka asubuhi mpaka adhuhuri bila mtu kunikaribia. Watu walivuka barabara wakiniona! Mwishowe fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Gerezani alinionea huruma. Akasimama mbali, akafungulia simu yake nisikie sauti iliyokuwa inazunguka kwenye makundi ya wafanyabiashara.

"Jamani, magazeti ya pale kwa Mwarabu msiguse. Yule mama mumewe ana corona, kamficha ndani. Anamuuguza, halafu asubuhi anakuja kutugawia."

Msemaji alijitahidi kuikwaruza sauti yake. Lakini miaka kumi na tisa tumekaa bega kwa bega... ningeacha vipi kuijua sauti ya Mama Joy?

Wakala wa magazeti akaacha kuniletea mzigo. Mzee Salehe akaniomba, kwa aibu, nipumzike kidogo nyumbani. Wiki haikuisha, pale palipokuwa na magazeti yangu pakawa na barakoa za kila rangi na chupa za kitakasa mikono. Na muuzaji? Mama Joy!

Hilo ningelimeza. Kweli ningelimeza. Lakini sauti ile ilikuwa imeshafika Ilala.

Asubuhi moja Baba Zai alizidiwa. Dawa yake ya kuvuta haikusaidia, midomo ikaanza kuwa ya bluu. Nilikimbilia kijiwe cha bajaji. Madereva watatu walikuwepo, wote wananifahamu. Mmoja akarudi nyuma, akasema, "Mama, nisamehe, mimi nina watoto." Majirani wakafunga milango. Nilimpakia mume wangu kwenye mkokoteni wa maji nikausukuma mwenyewe, nalia, barabara nzima inanitazama! Tulipofika hospitali, daktari alisema ni pumu, wala si kingine. Tungewahi, angemsaidia. Baba Zai alikufa ameshika pindo la kanga yangu.

Walimzika watu sita. Mama Joy hakuja. Joy alikuja, peke yake, akaketi mkekani karibu yangu mpaka jioni bila kuogopa.

Ningemwangalia yule mtoto nikatulia, ningepona. Lakini nilikuwa nimeshaapa. Sikutaka pole wala kuombwa radhi. Nilitaka Mama Joy avukiwe barabara kama nilivyovukiwa mimi!

Nikanunua laini mpya. Nikajifungia chumbani, nikaweka kanga mdomoni, nikarekodi: barakoa za pale kwa Mwarabu zinaokotwa kwenye majalala ya hospitali, zinafuliwa, zinapigwa pasi, mnauziwa. Uongo mtupu. Miaka yote nimeuza magazeti, gazeti likichapisha uongo kuna ofisi ya kwenda kugomba. Mimi nani angenigombeza? Nikabonyeza, nikatuma kwenye makundi yale yale ya wafanyabiashara.

Kesho yake nilienda kusimama ng'ambo ya barabara, nimejifunika uso, nishuhudie. Kabla ya saa tano watu wakaanza kukusanyika. "Wauaji! Mnatuvalisha vya maiti!" Meza ikapinduliwa, barakoa zikakanyagwa. Nilifurahi! Sitawadanganya. Nilihisi kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu ya siku nyingi. Moyoni nilisema, wapindue, wavunje, asibaki na kitu!

Nikasikia yowe. Halikuwa la Mama Joy. Yeye alikuwa ameenda stoo kuongeza mzigo. Mezani alikuwa Joy.

Kipande cha ubao wa meza kilimpiga jichoni. Nilivuka barabara sijui vipi, nikamkumbatia, nikasimamisha bajaji. Njiani damu inalowesha gauni langu, ananing'ang'ania mkono. "Mama mkubwa, waambie... mama hajaokota barakoa popote. Wewe watakusikiliza."

Nikamkandamizia kitambaa jichoni, nikamhimiza dereva.

Jicho lile halikuona tena. Hospitalini Mama Joy alinipigia magoti mbele ya watu. Akalia, akakiri yote. "Nilitaka ile nafasi tu, dada. Sikujua Baba Zai atakufa. Na wewe ndiye umemwokoa mwanangu!" Unajua nilifanya nini, msomaji? Nilimwinua, nikamfuta machozi, nikapokea shukrani zake. Nikanyamaza.

Corona ilipita, wasomaji hawakurudi. Nilijaribu tena kupanga magazeti, yakawa yanakauka juani mpaka jioni. Nikaacha. Sasa nauza mihogo ya kukaanga, na kwa miaka yote hii Mama Joy ndiye ananiombea kwa jina kila anaposali.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilimwita Joy nyumbani, nikamweleza yote, toka laini ya simu mpaka furaha yangu ng'ambo ya barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi usimwambie. Anakupenda sana, itamuua." Akasimama, akafunga mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Mimi nakuombea maisha marefu, mama mkubwa. Marefu sana."

Hajanisalimia tena.

Ndugu zangu, Mama Joy aliniulia mume, na mpaka leo nikimkumbuka Baba Zai juu ya ule mkokoteni damu inanichemka. Sijawa malaika. Lakini nawaomba, aliyekudhulumu mfuate mlangoni kwake, mwite jina lake, mgombane mchana kweupe! Usijifiche nyuma ya simu ukarusha uongo kwa watu usiowaona. Mimi nilimlenga mama... nikampata binti aliyekaa nami msibani.