Nyama ya Fisi Ndani ya Menengai

Ukungu uliwafunika katikati ya shimo la volkano la Menengai saa tano asubuhi, wakapoteza njia. Chelimo na Nabalayo, mke wa kaka yake, walikuwa wameteremka kutoka upande wa Bahati kutafuta mbuzi watatu. Sasa hawakuona ukuta wa shimo upande wowote. Chini kulikuwa na mawe meusi yenye makali, na nyufa zilizotoa mvuke wa moto.

Mbele yao alitembea Bosco, mbwa wa kahawia. Chelimo ndiye aliyemlea kwa kijiko tangu hajafungua macho. Kisha akaenda Kamere miaka miwili kufanya kazi kwenye mashamba ya maua, na aliporudi akamkuta Bosco analala miguuni pa Nabalayo. Akimwita, mbwa anamtazama wifi kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa! Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Chelimo alikuwa amekonda.

Nabalayo alikuwa amemfunga Bosco mdomo kwa kamba za katani alizosuka mwenyewe. Fisi akiua ndama, wafugaji wengine hupaka mzoga dawa ya kupe na kuuacha porini umuue, na mbwa wawili wa jirani walikuwa wamekufa hivyo. Walipopumzika, Nabalayo alipanda jiwe kutafuta njia. Chelimo akabaki na mbwa.

"Amekufunga kama mwizi," akamnong'oneza, akafungua kamba.

Bosco alimlamba uso mzima. Kwa dakika mbili hivi hapakuwa na mwanamke mwenye furaha kumshinda Chelimo katika Bonde la Ufa lote. Kisha mbwa akanusa upepo, akatoweka ukunguni.

Walimkuta kwenye mzoga wa kondoo, anameza. Nabalayo alimvuta kwa shingo. Nyama ilinuka dawa ya kupe. Haikupita robo saa, mate yakaanza kumchuruzika Bosco, mapaja yakatetemeka, miguu ikalegea.

Chelimo alitoa chupa ya maziwa kwenye kikapu. "Mshike nimnyweshe. Maziwa inaua sumu."

"Wacha, wifi! Daktari wa mifugo alituambia kwa baraza. Akitetemeka hivi, hiyo maziwa itaingia kwa mapafu. Wala usimtapishe."

"Wewe ndio unajua kila kitu ya mbwa wangu!"

"Wako ama wangu, anakufa."

Chelimo alitamani kumzaba kofi. Badala yake akamtazama mbwa, akarudisha chupa kikapuni. Nabalayo alifunika mkono kwa mfuko wa plastiki, akachukua kipande cha nyama ili daktari ajue ni sumu gani. Maji yao ya mwisho, nusu chupa, aliyatumia kumwosha Bosco mdomo.

"Tunaenda wapi?" Chelimo aliuliza.

"Sikiza. Ule mvumo ni mvuke ya visima vya kutengeneza stima. Kwa visima kuna barabara."

Mbuzi waliwaacha; Chelimo alimbeba Bosco mgongoni kwa leso, kama mtoto. Alianguka mara mbili, goti likapasuka, damu ikajaa kiatuni. Koo lilikauka. Kila alipohisi mwili ule ukikakamaa mgongoni mwake, aliongeza mwendo.

"Ni mimi nilimfungua," alisema hatimaye.

"Najua. Kamba haikukatika." Nabalayo hakugeuka. "Chunga hapo, kuna shimo."

Mvumo uliwafikisha barabarani. Dereva wa pikapu, Muturi, alisimama.

"Boss, tusaidie, mbwa amekula sumu!" Nabalayo akamwambia.

"Pandeni haraka, mathe."

Mjini Nakuru daktari wa mifugo alinusa ile nyama, akadunga sindano, akangoja, akadunga nyingine. Wanawake wale walikaa sakafuni, kila mmoja upande wake wa mbwa. Chelimo alikuwa upande wa kichwa, na aliapa moyoni kwamba hataondoka hapo hata avutwe kwa winchi.

Saa kumi jioni kutetemeka kulikoma. Bosco alifungua macho. Alimwona Chelimo aliyejaa damu na jasho, halafu akajikakamua kuinua shingo, akitafuta upande wa mkia, alikokaa Nabalayo.

Ilimuuma Chelimo. Ilimuuma sana, pale pale, hata baada ya yote yale.

"Njoo huku, wifi," Chelimo alisema, akasogea. "Anakutafuta."