Dakika Ishirini za Umeme

"Usimpoteze Pitchou. Kadi ikivuka mpaka, Marie-Rose amekwisha."

Amri hiyo ya mkuu wake iliingia kwenye simu ya Motorola ya mpelelezi Aline saa mbili asubuhi. Pitchou, mvushaji wa dhahabu ya magendo, alikuwa na kadi ya simu yenye majina ya wapelelezi wenzake Aline wote kati ya Uvira na Kamanyola. Jina la kwanza: Marie-Rose wa Luberizi, aliyemfundisha Aline kazi.

Kabla ya kuvuka, Pitchou alikuwa na miadi kwa daktari wa meno, Déogratias. Aline naye alikuwa na jino la kupandikizwa, skrubu yake imefanya usaha tayani. Akatangulia kumvizia.

Daktari akabana waya kwenye skrubu, akabandika mwingine shavuni. Umeme huu mdogo, alieleza, unabandua vijidudu kwenye chuma. Dakika ishirini, bila kutikisika. Akatoka.

Dakika ya sita, mlango ukafunguka.

Pitchou. Mapema mno. Bastola ya Makarov mkononi.

"Weye ndiye unanifuata tangu Kamanyola," alisema taratibu. "Miye si mutoto, mama."

Mdomo wa Aline umeachamishwa kwa plastiki, mate yanamchuruzika, bastola yake imo mkobani kule mlangoni. Aliogopa. Zaidi ya hapo, aliona aibu kufa hivyo.

Muuguzi Félicité akaingia. Pitchou akaifunika silaha kwa kofia. Félicité alikuwa amechelewa, na kwake hakuna mgonjwa anayetibiwa bila sala.

"Tuombe."

Pitchou alikuwa ameongoza kwaya ya kanisa kwa miaka kumi kabla ya dhahabu kumteka. Kichwa kikainama chenyewe, macho yakajifumba.

Aline aling'oa nyaya na kumpiga teke la kifundo cha mkono. Makarov ikaanguka sakafuni. Akaiwahi.

Félicité akakatisha sala kabla ya amina.

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Pitchou. Pitchou, mikono imefungwa pingu zilizotoka mkobani mwa Aline, alimtazama.

"Kadi umepata. Lakini ile jina ya kwanza, niliwasomea wanunuzi wa ng'ambo kwa simu asubuhi."

Aline akampigia Marie-Rose simu Luberizi. Ikaita tu. Déogratias, aliyekuwa amerudi, akamsihi arudi kitini, la sivyo jino litapotea. Aline akafuta damu mdomoni, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka bila haraka na Pitchou mbele yake, simu sikioni, ikiita bila kupokelewa.