Kochoko Iliyotoa Povu

Mlinzi Mujibu alikutwa amekufa kwenye mkeka wake, mlangoni pa ghala la Newala. Macho yalikuwa ya njano. Pembeni palikuwa na bakuli la kochoko iliyolowekwa, yale mabibo ya korosho yaliyokaushwa.

Majibu ya maabara yalikuwa mafupi: sumukuvu, ini limeharibika. Inspekta Shamte akapanda kutoka Masasi.

Ghala ni la kikundi cha akina mama. Kila gunia la kochoko hupitishwa kwenye mashine ya mionzi kuua ukungu, ndipo hubandikwa lebo na kuhifadhiwa. Gunia la kochoko aliyokula Mujibu lilikuwa na lebo. Mwenyekiti wao, Mama Emilia, alikuwa tayari mahabusu, na watu wanapiga kelele ghala lifungwe.

"Mionzi imeua mtu," alisema Uwesu, mtunza ghala. "Niliwaambia, hawakusikia."

"Mionzi haileti sumukuvu, mzee," alisema Shamte. "Inaua ukungu unaoitengeneza."

"Umesomea?"

"Sijasomea. Nimeuliza."

Shamte alichota kochoko ya gunia la Mujibu, na ya gunia jingine lenye lebo. Akaloweka kila moja kwenye ndoo yake, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akafunika. Askari wakacheka.

"Afande anapika gongo kituoni!"

"Gongo ya mabibo ndiyo iliyonilea. Fungeni midomo."

Siku ya pili, ndoo ya gunia jingine ilikuwa imetulia. Ile ya Mujibu ikaumuka, ikatoa povu. Chachu ya bibo ilikuwa hai. Mionzi ingeiua pamoja na ukungu. Gunia lile halikupita kwenye mashine.

Akamwita Uwesu.

"Lebo anabandika nani?"

"Mimi."

"Gunia la Mujibu lilipigwa mionzi?"

"Lilipigwa."

Shamte akamsogezea ndoo, akafunua. Uwesu alinusa, akageuza uso. Mtu wa Newala haelezwi harufu ya mabibo yanayochacha.

"Lilitoka wapi?"

"Kwangu, kijijini Chiungutwa."

"Lilinyeshewa?"

"Kidogo. Nililianika tena, ukungu nikaupangusa."

"Ulimchukia Mujibu?"

"Nimchukie vipi? Mkwe wangu! Alimuoa mwanangu Yasmini." Akaifunika ndoo. "Nilisikia mionzi inakata uzazi wa mwanamume. Nikamwambia, baba, ya akina mama usiile, kula hii. Lebo niliibandika ili Mama Emilia asije akalitoa gunia langu nje ya ghala."

"Ukamwacha mama wa watu alale mahabusu?"

"Nilitaka mjukuu, afande. Ningemwambia nini Yasmini?"

Shamte alisimama.

"Mfungulieni Mama Emilia," aliwaambia askari. Kisha akamgeukia Uwesu. "Yasmini yuko nje, amekuletea chakula. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako."