Chupa ya Maji Yaliyokenekwa

Kila siku baada ya masomo, Kidoti alipitia maabara alikofanya kazi mama yake. Alisukuma mkoba chini ya meza, akanawa mikono, kisha akajaza chupa kubwa ya maji yaliyokenekwa, yaani maji ya mvuke yasiyo na chumvi wala uchafu. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Jina la Kidoti alipewa na baba yake, kwa ajili ya doa dogo shavuni. Baba alikuwa amefariki miezi minne iliyopita. Tangu hapo Kidoti hakulia wala hakucheka. Alikula alipoambiwa kula, basi.

Mama alikuwa akipima kichocheo, unga mweusi unaosaidia hidrojeni na hewa kutoa umeme upesi. Alipaka tone lake kwenye ncha ya fimbo, akaitumbukiza katika asidi iliyochanganywa na maji ya ile chupa, kisha akapitisha umeme kidogo kidogo. Mashine ikachora mstari kwenye skrini. Mstari ukipanda, unga ni mzuri.

Jumatatu mtungi wa maji yaliyokenekwa ulikuwa mtupu. Mwingine ulikuwa stoo, mwisho wa korido. Kidoti aliutazama mlango wa stoo, miguu ikamwia mizito. Akafungua bomba, akajaza chupa, akafunga kizibo.

Jumanne mstari ulilala chini. Jumatano vilevile. Alhamisi ndiyo kabisa.

"Wiki iliyopita ulipanda vizuri," mama aliuambia unga uliokuwa kwenye kichupa, akifikicha macho. "Miaka miwili ya kazi, halafu unanigeuka hivi? Kesho namwambia mkuu wa maabara tuachane na unga huu."

Kidoti aliyasikia maneno hayo kama redio ya jirani. Alijua sababu, lakini hata hofu haikumjia. Ila mama alipochukua kichupa cha unga na kuanza kuandika juu yake "haufai", mdomo wa Kidoti ulifunguka wenyewe.

"Mama, nilitia maji ya bomba."

"Wapi?"

"Kwenye chupa. Tangu Jumatatu. Stoo niliona mbali."

Mama aliweka kalamu chini. Hakugomba.

"Maji ya bomba yana chumvi ya klorini," alisema. "Inaung'ang'ania unga, gesi ikakosa pa kukaa. Vaa glavu, mwanangu."

Waliosha vyombo vyote, wakachanganya asidi mpya kwa maji kidogo yaliyokenekwa ambayo mama aliyaweka akiba kabatini, wakapaka tone jipya. Mstari ukapanda polepole, ukafika pale pale pa wiki iliyopita. Mama akaandika katika daftari la vipimo: "Vipimo vya siku tatu si sahihi. Maji ya bomba."

"Utamwambia mkuu ni mimi?"

"Nitamwambia ni sisi wawili. Mimi nami sikuyakagua." Mama akamgeukia. "Sikiliza. Mashine haijui kama una msiba. Inapima kile ulichotia. Siku ukiwa huna nguvu, sema huna nguvu. Hilo si kosa. Kosa ni kuniacha niamini kazi imefanyika wakati haikufanyika. Nusura nitupe unga mzima."

Kidoti aliitazama chupa tupu iliyosubiri kujazwa.

"Mama, leo sina nguvu."

Mama alimvutia kiti. "Haya, kaa hapa, narudi sasa hivi," alisema, akachukua chupa na kuelekea stoo mwenyewe.