Kibendera cha Tano

Wangare alikutwa chini ya korongo, shingo imevunjika, dira ndogo bado imefungwa kidoleni. Juu ukingoni kibendera cha rangi ya chungwa kilikuwa kinapepea bila aibu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, msitu wa Menengai. Klabu ilikuwa na mashindano: watu wazima wanapewa ramani, wanakimbia vichakani kutafuta vibendera, kana kwamba mbuzi wa kutafutwa wameisha. Kila kibendera kina panchi ya kutobolea, meno yake hayafanani na ya kingine. Unatoboa kadi, unakimbilia kingine.

Inspekta Chepkemei alimkuta Konstebo Sitati amemfunga pingu mzee Kiplangat.

"Yeye ndiye aliweka vibendera, madam. Watu walitaka kumpiga."

"Cha tano nilikiweka kwa kichaka cha leleshwa," mzee alisema. "Hatua arobaini kutoka korongoni. Siwezi kumpeleka mtoto wa watu shimoni!"

"Muuaji!" mama yake Wangare alipiga kelele. "Uozee jela!"

Chepkemei alikwenda kwenye leleshwa. Chini yake kulikuwa na tundu bichi la kijiti cha kibendera.

"Kibendera kimetembea," alisema, "na miguu hakina."

Wakimbiaji walitoka mmoja mmoja, kila dakika tatu. Wa mwisho walikuwa Natalie, Muiruri, halafu Wangare.

"Natalie, ulikiona wapi?"

"Kwa leleshwa. Nikatoboa, nikaenda."

Muiruri alikuwa juu ya jiwe, anatafuna andazi.

"Na wewe?"

"Cha tano sikukiona, madam. Nilipotea, nikakiruka."

"Hukufika hapo?"

"Haki ya Mungu, hata kukanyaga."

Chepkemei aliitisha kadi zilizorudishwa. Akatoa ya Muiruri. Kisanduku cha tano kilikuwa na vitundu vitano, mfano wa msalaba. Sitati akaleta panchi ya ukingoni, akaibana kwenye karatasi. Msalaba uleule.

Andazi likasimama shavuni.

"Kadi hii uliirudisha kabla hujasikia amekufa," Chepkemei alisema, sauti ikipanda. "Wewe unatega mtu, na bado lazima utoboe, usije ukakosa pointi! Mzee wa watu amefungwa pingu, na wewe unakula!"

"Sikuua! Nilitoboa, nikaking'oa, nikakidunga kule. Nilitaka akitafute, apoteze dakika tano tu. Nyasi ni ndefu, madam, korongo halionekani."

"Na ramani yako? Haina korongo?"

Muiruri akajifuta mafuta ya andazi kwenye suruali.

"Nijibu!"

"Linaonekana," alisema polepole. "Nililiona."

"Kisa nini?"

"Amenishinda mara nne. Mtaa mzima wa Section 58 wananiita Mkia wa Wangare. Hata mama mboga! Ananiuliza, 'Mkia, leo sukuma ya ngapi?' Mbele ya watu!"

"Kwa ajili ya jina? La kuitwa ukinunua sukuma wiki?"

Mama Wangare alivua kiatu, akamvamia Muiruri. Inspekta akageuka kutazama miti, kwa muda wa kiatu kimoja hivi. Cha pili akakizuia.

"Inatosha, mama. Mwachie meno ya kuongea na hakimu."

Sitati alimfungua Kiplangat, akashindwa kumtazama usoni. Pingu zikahamia kwa Muiruri, naye akasimama anangoja aongozwe.

Chepkemei akamsukuma begani.

"Tangulia. Si ulitaka kuwa mbele?"